Kinyume cha Mwenyeji

Taabu yangu ilianza mwaka ule nguruwe pori walipomaliza mhogo wetu wote kule milimani, nami nilikuwa na umri wa mtoto aliyeng'oka meno mawili ya mbele na bado hajaota mengine. Mwaka kwa tarakimu siujui. Baba hakujua kuandika, mama hakujua kuandika, na aliyejua, yule karani wa kodi, aliandika majina ya wanaume wazima tu. Kwa hiyo nahesabu kwa meno, na atakayeona hesabu hiyo ni ya kijinga aende akamuulize karani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kitu kidogo. Juzi nilikuwa jikoni nakuna nazi, mjukuu wangu akaingia na daftari lake la Kiswahili. "Bibi, kinyume cha mwenyeji ni nini?" Nikamwambia andika mgeni. Akaandika, na kesho yake akarudi na vema jekundu, amefurahi. Lakini mimi mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya mbuzi tangu aliponiuliza. Nazi niliyoivunja ilikuwa imekwisha kuota. Ndani yake mlikuwa na lile dude jeupe, jepesi, la mviringo, ambalo watoto hugombea kulila, na harufu yake ni tamu yenye kuchacha kidogo. Ile harufu ikaniingia puani, na nikajua kwamba nimemdanganya mtoto.

Mgeni si kinyume cha mwenyeji. Mgeni hutandikiwa mkeka, akachinjiwa kuku, akasindikizwa mpaka njia panda. Kinyume cha mwenyeji ni mtu wa kuja. Nyinyi wa rika langu mliokulia pwani hii ya Kilwa na Lindi mnalijua neno hilo, kama si kwa kulisema basi kwa kuitwa. Mgeni amefika. Mtu wa kuja hafiki. Anaweza kukaa miaka arobaini, akazika wazazi pale, akaoza mabinti pale, na bado wanamwona yuko njiani anakuja.

Sisi tulishuka kutoka milima ya Matumbi, upande wa Kipatimu. Baba alibeba majembe na mfuko wa mbegu, mama alibeba chungu kichwani na mimba tumboni, mimi nilibeba kuku mmoja aliyebaki, mtetea mwekundu, nimemkumbatia mpaka joto lake na langu likawa moja. Nakumbuka harufu ya pwani ilivyotupokea kabla macho hayajaona maji: dagaa wanaanikwa, mbata zinafukizwa moshi, matope ya mikoko. Mama alitapika. Mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya shibe.

Kilwa Masoko siku zile ilikuwa nyumba za kuhesabika na ofisi za Mwingereza zilizokuwa bado zanuka chokaa. Nje kidogo ya mji palikuwa na shamba la minazi la mtu mmoja aitwaye Bwana Maftaha, na nyuma ya minazi palikuwa na pori ambalo hakuwa akilifanyia kitu. Baba alikwenda kuliomba. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kuku wangu. Bwana Maftaha alikaa barazani kwake, kanzu safi, kofia ya kushona kwa mkono, anakula tambuu.

"Umetoka wapi?"

"Milimani, bwana. Upande wa Kipatimu."

"Unajua kulima au unajua kuomba tu?"

"Kulima, bwana. Tizama mikono."

Hakuitizama. "Basi lima. Mtama, mhogo, choroko, ufuta, lima mpaka mgongo ukatae. Kila mavuno malimbuko yafike hapa barazani. Lakini mti wa kudumu, hapana. Mnazi hapana, mwembe hapana, mkorosho hapana. Umenisikia, mtu wa kuja?"

"Nimesikia, bwana."

Desturi ilikuwa hiyo, na haikuwa ya Bwana Maftaha peke yake. Siku zile hakuna aliyekuwa na karatasi ya shamba. Mti ndio uliokuwa karatasi. Aliyepanda mnazi ana sauti juu ya ardhi ile, yeye na wanawe na wajukuu, kwa kuwa mnazi utamzika yeye na kumzaa mwingine. Mtama ukivunwa umekwisha, hauachi ushahidi. Kwa hiyo mtu wa kuja alipewa mazao yasiyo na ushahidi.

Hayo nayajua leo. Siku ile nilichokisikia ni neno lenyewe tu, mtu wa kuja, na nikalipenda. Msinicheke. Nyumbani kwetu kitu cha kuja kilikuwa daima ndicho kizuri. Ijumaa ya kuja tutakula nyama. Mwezi wa kuja baba atauza ufuta. Mwaka wa kuja nitanunuliwa kanga. Sikuwahi kusikia jambo la kuja likawa baya, mabaya yote yalikuwa ya jana. Nikajiambia, kumbe na sisi ni watu wa namna hiyo, watu wa Ijumaa ijayo.

Halafu kulikuwa na Bi Fatuma, mama yake Bwana Maftaha, bibi mfupi mwenye macho ya ukungu, ambaye alinipenda kwa sababu nilimtungia uzi kwenye sindano. Huyu alikuwa hamalizi kupepeta mchele bila kuniambia jinsi babu wa babu zao alivyovuka bahari kutoka Shirazi. "Tulikuja," alikuwa akisema, na kidevu kinapanda juu. "Tulikuja na vyombo vyetu, na misahafu yetu, na watu wetu." Nami nikaona hesabu imetimia. Wao walikuja, sisi ni wa kuja. Tumo katika safu moja, wao mbele na sisi nyuma yao, basi.

Bwana Maftaha alikuwa na binti wa umri wangu, Mwanahawa, mwembamba, mkali kama pilipili. Siku moja kisimani alianza kuniimbia mbele ya wenzake.

"Watu wa kuja hao! Watu wa kuja hao! Mmekuja na chawa, mmekuja na funza!"

Nikajishika kiuno. "Ndiyo, sisi ni wa kuja! Nyinyi mmekwisha!"

Maana yangu ilikuwa mmekwisha kuja. Kwa Mwanahawa, na kwa kila mtu mwenye akili pale kisimani, nilikuwa nimewatakia wafe ukoo mzima. Alikimbia kwao analia. Jioni ile mama alinichapa kwa mwiko wa ugali, na kila nilipouliza kosa langu aliongeza. Nilikwenda kuomba radhi barazani nikiwa bado sijui naomba radhi ya nini.

Sasa nifike kwenye neno la pili, lile lililotumaliza.

Tulipokuwa tumemaliza kusimamisha kibanda chetu, baba aliniita. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

"Somoe. Sikiliza vizuri, usije ukanitia mashakani. Hapa sisi hatupandi minazi."

Nilitazama juu. Minazi ya Bwana Maftaha ilikuwa mirefu inatisha, vichwa vyake vinayumba.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hata ule mfupi wa kisimani?"

Baba akacheka. Alidhani nafanya mzaha. "Hata ule mfupi."

"Sipandi, baba."

Na sikupanda. Wallahi tena, mpaka tunaondoka pale mguu wangu haukugusa gogo la mnazi. Mwanahawa na ndugu zake walikuwa wakiparamia ule mfupi wa kisimani na kuangusha madafu, wananizomea, "Somoe mwoga! Somoe mwoga!" nami nasimama chini nimefunga mikono kifuani, najiona mtoto mwema kuliko wote. Nilikuwa nimemwahidi baba.

Wenye Kiswahili chao kule pwani walikuwa na neno lao la kupanda juu ya mnazi. Walisema kukwea. Afanyaye kazi hiyo ni mkwezi. Neno kupanda wao waliliweka kwa mbegu na miche. Sisi wa milimani Kiswahili tulikiokota kwa wachuuzi na kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kilikuwa cha kuazima, na mwenye kuazima hachagui. Kwetu unapanda kitanda, unapanda kilima, unapanda mtama, yote neno moja. Baba alikuwa ameanza kujifunza lugha ya Bwana Maftaha, na siku ile alizungumza na mimi kwa lugha hiyo. Mimi nilimsikia kwa lugha ya nyumbani.

Mama alijifungua wakati wa ufuta, mtoto wa kiume, akaitwa Saidi. Bi Fatuma ndiye aliyemzalisha. Akakaa naye siku zote za mwanzo, akimkanda kwa maji ya moto na kumsimanga kwa mapenzi, "Lia, mwanangu, lia, wanaume ndio waliotakiwa kulia na hawapo." Kitovu cha mtoto kilipokauka na kukatika, mama alikifunga katika kitambaa cha kaniki akakitia mchagoni mwa kitanda.

"Utakifanyia nini hicho?" Bi Fatuma akamuuliza.

"Nitakwenda kukizika kwetu, bibi. Milimani."

"Lini?"

"Tukipata nafasi."

Bi Fatuma akaguna. Akanyosha mkono wake wenye bangili za fedha, akaonyesha nje, hata bila kutazama. "Cha Maftaha kiko chini ya mnazi ule ulioinama. Siku ile ile nilikizika, na nazi juu yake. Ndiyo maana yule haondoki hapa, hata ukimpiga mijeledi. Mtu ni pale kitovu chake kilipo na mti wake ulipo."

Alisema kama mtu anayeeleza mapishi. Mimi nilikuwa pembeni napepea nzi, na maneno yale yakanishika. Tulikuwa watu wa kuja, na hapa palikuwa na njia ya kufika.

Sikungoja siku nyingi. Ilikuwa mchana wa jua kali, baba na mama wako ng'ambo ya shamba wanapalilia, mtoto kafungwa mgongoni kwa mama. Nilichukua kile kitambaa cha kaniki. Nilikwenda chini ya mnazi ulioinama wa Bwana Maftaha, nikachagua nazi moja iliyoanguka yenyewe na kusahauliwa nyasini, tayari ina chipukizi kama ulimi wa kijani. Ilinuka ile harufu. Nikaibeba mpaka katikati ya mhogo wetu, mahali ambapo mashina yalikuwa manene na hapaonekani, nikachimba kwa kibuyu kilichovunjika. Kitambaa chini, nazi juu. Nikafukia mpaka nusu, kama nilivyoona nazi za kitalu zinavyokaa. Nikasoma Alhamdu, ndiyo sura niliyokuwa naijua yote.

Nilirudi nimefurahi kupita kiasi. Mama alipokikosa kile kitambaa alidhani panya. Alilia kidogo, kisha akaacha, kazi zilikuwa nyingi. Sikumwambia. Nilitaka Saidi akue kwanza, ndipo nimpeleke na kumwonyesha, "Huu mti wako."

Nikausahau. Mtoto husahau upesi. Mhogo ulikua ukapita kimo cha baba, mvua ya kwanza ikapita, ya pili ikaja. Saidi alianza kusimama kwa kushika ukuta. Bi Fatuma alianza kuniita "mjukuu wangu wa nyuma", kwa kuwa tuliishi nyuma ya minazi. Baba alinunua baiskeli kuukuu isiyo na breki, na siku ya Ijumaa alikuwa akiketi safu ya tatu msikitini, si tena mlangoni kwenye viatu. Kama mtu angetuuliza wakati ule, tungesema tunaishi.

Kisha tukang'oa mhogo.

Tulianza asubuhi, na ilipofika adhuhuri robo ya shamba ilikuwa wazi. Bwana Maftaha alikuwa anapita kwenda kwenye minazi yake. Akasimama. Katikati ya ardhi iliyochimbuliwa palikuwa na mche wa mnazi, makuti yake yamefika kifuani kwangu, ya kijani kibichi, umesimama kama mtu aliyealikwa.

Hakupiga kelele. Aligeuka akarudi mjini. Baba alibaki na jembe mkononi anautazama ule mche. Mama akasema, "Nini ile?"

Alasiri walikuja watu wanne: Bwana Maftaha, jumbe, na wazee wawili wa mtaa. Nyuma yao akaja Bi Fatuma anaongozwa na Mwanahawa kwa mkono. Jumbe alikuwa mtu mnene mwenye pumu, alivaa koti juu ya kanzu, na alikuwa na haki ya kupeleka mambo kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akitaka. Aliuzunguka ule mche mara moja.

"Nani kapanda mnazi huu?"

Bwana Maftaha akachuchumaa. "Tazameni shina. Umepaliliwa. Hapana hata jani la nyasi. Na haya, haya ni nini? Majivu. Umetiwa majivu ya jikoni huu, ukalishwa kama mtoto."

Nilitazama. Ni kweli. Majivu yalikuwa yamezunguka shina, mengine ya zamani, mengine meupe bado. Sikuyatia mimi. Mimi nilikuwa sijarudi pale tangu siku ile. Nikainua macho kwa baba, na baba alikuwa anatazama miguu yake.

Jumbe akamwambia, "Mzee, ulikatazwa?"

"Nilikatazwa, bwana jumbe."

"Nani kapanda?"

Na mimi, ambaye nilikuwa namwona baba yangu anateswa kwa jambo zuri nililolifanya mwenyewe, nikajitokeza mbele.

"Ni mimi."

"Wewe?" Jumbe akainama. "Jina lako?"

"Somoe."

"Somoe, baba yako hakukwambia usipande mnazi?"

"Aliniambia. Na sikupanda."

"Hukupanda?"

"Sikupanda hata siku moja. Muulize Mwanahawa. Wao wanapanda kila siku, mimi nasimama chini."

Wazee wakatazamana. Bwana Maftaha akasema, "Mwanangu mimi anapanda minazi? Kaipanda wapi?"

"Kisimani! Ule mfupi!"

"Ule niliupanda mimi kabla mama yako hajazaliwa!"

"Hata yeye anaupanda! Na ndugu zake wanaupanda! Mimi huu sikuupanda, huu niliufukia tu."

Hapo wakacheka. Jumbe alicheka mpaka pumu ikamshika, mzee mmoja akamgonga mgongoni. "Kaufukia tu!" alikuwa akisema kila akipata pumzi. "Hakuupanda, kaufukia!" Mwanahawa alicheka akaficha uso kwenye kanga ya bibi yake. Nikaendelea, kwa sababu nilidhani wamefurahi, na nilidhani kama wamefurahi basi niwamalizie.

"Nimefukia kwa ajili ya Saidi. Sisi ni watu wa kuja."

Kicheko kilikatika kama kamba. Bwana Maftaha alishika makuti ya ule mche kwa mikono miwili akauvuta, ukatoka na nazi yake na mizizi yake yote, na kwenye mizizi kulikuwa kumening'inia kipande cha kaniki.

Mama akapiga ukemi. Alimtua mtoto chini, akajitupa kwenye lile shimo na kuanza kuchakura kwa vidole. Alichakura na kupekecha udongo viganjani, donge moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Hapakuwa na kitu. Kitovu kilikuwa kimekwisha kuwa udongo.

"Mti na kitovu!" Bwana Maftaha sasa alipaza sauti, na nadhani aliogopa kweli. "Mmeona? Mti na kitovu! Kesho mtoto huyu atasimama mbele ya Bwana Shauri aseme kwetu ni hapa, na nani atamkanusha?"

"Maftaha," Bi Fatuma akasema. "Mimi ndiye niliyesema. Mtoto kasikia kwangu."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Mtoto kasikia kwangu."

"Mwanahawa, mrudishe bibi yako nyumbani."

Mwanahawa akamrudisha. Nilimwona yule bibi akigeuka geuka kwa macho yake ya ukungu, hajui tuko upande gani.

Jumbe hakuwa mjinga. Alipomaliza kukohoa aliniuliza polepole, "Kwenu milimani, mtu akienda juu ya mnazi kuchuma, mnasemaje?"

"Anapanda mnazi."

Akatikisa kichwa. Akawaambia wenzake, "Mtoto hakusema uongo. Neno limempotea." Nikapumua. Nilijua sasa yamekwisha. Kisha akamgeukia baba. "Lakini majivu, mzee, hayakutiwa na neno. Mhogo mliokwisha kung'oa ni wenu. Uliomo ardhini ubaki na shamba. Mpaka Ijumaa muwe mmeondoka."

Baba angeweza kusema. Angesema majivu ni yake, kwamba aliukuta ule mche mdogo, akajua sheria, akashindwa kuung'oa. Au angesema uongo, mama ndiye aliyemwaga majivu pale bila kujua. Hakusema kitu. Aliacha mambo yote yabaki juu ya mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameota, aliyechekwa na wazee. Nimezeeka na jambo hilo. Wakati mwingine namwona usiku mmoja wa mvua ya pili, peke yake kati ya mhogo, anatoa majivu kwenye kibuyu kwa kiganja, na moyo wangu unalainika. Halafu nakisikia kile kicheko.

Hiyo Ijumaa tuliyokuwa tukiingoja iwe ya nyama ndiyo tuliyoondokea. Tulishika njia ya kusini, Lindi. Baiskeli ilibeba mhogo, mama alibeba Saidi. Baba alisukuma baiskeli siku nzima. Karibu na magharibi, tumepumzika kando ya kijito, aliniita jina.

"Somoe."

"Naam, baba."

"Kule wanasema kukwea."

Ndiyo maneno yote aliyowahi kuniambia juu ya jambo lile, mpaka alipokufa.

Alifia kwenye mkonge, kambini, nje ya Lindi. Kule sote tulikuwa watu wa kuja na hakuna aliyejisumbua kutuita hivyo. Mama alimfuata. Nilisoma madarasa mawili, nikatoka, nikakaa mlangoni mwa kambi na karai la vitumbua kwa miaka ambayo sitaki kuihesabu. Saidi alikua, akajua kuandika, na kila fomu ilipomuuliza mahali alipozaliwa aliandika Kilwa. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Masoko kutafuta mzee wa kumthibitishia. Alizunguka siku mbili. Kila mtu alimwuliza yeye ni wa nani pale. Alirudi akasema, "Dada, hawanijui." Nikamwambia ardhi inakujua. Akanitazama kama mwendawazimu, maana sikuwa nimemweleza. Ile siku ndipo nilipomweleza, na yeye hakucheka.

Mimi nilirudi wilaya ya Kilwa nikiwa na nguvu zangu, nikanunua shamba Mitole kwa watu waliokuwa wakihama. Hapo pia waliniita mtu wa kuja. Sikuwajibu, nililima. Waliokuwa wakiniita hivyo wamekufa wengi, na watoto wao wananiamkia shikamoo bibi, na hawajui kwamba kulikuwa na neno jingine la kuniita.

Ninavyo leo hivi: shamba ekari kumi na moja, lenye hati yenye jina langu. Minazi sitini na minne, yote nimeipanda mwenyewe, na mikorosho ambayo huzaa vizuri. Nyumba ya bati, vyumba vinne, kisima chake. Mashine moja ya kusaga. Mbuzi tisa. Kitanda cha mama. Mjukuu anayepata vema kwenye Kiswahili.

Na nyuma ya mikorosho, kibanda cha mtu mmoja na mkewe, wametoka Newala, waliniomba mahali pa kulima. Nimewapa. Nilimwambia mtama, mhogo, choroko, ufuta, lima utakavyo. Mnazi, hapana. Na kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kike amesimama nyuma yake, nilimwita yule mtoto karibu nikamwambia kwa maneno mawili, asije akakosea: asikwee, na asifukie.